Kifurushi kimoja, yuniti 68: kuchagua faharasa za pili kwenye DynamoDB

Mfumo tunaouchambua hapa ni wa vifurushi vya mabasi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anafunga boksi la vipuri, analifikisha ofisi ya mizigo kwenye stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, anapewa risiti yenye namba, na basi la alfajiri linaondoka nalo kuelekea Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga hadi Mwanza. Mpokeaji anapigiwa simu, anakuja na kitambulisho, anachukua mzigo wake. Kisa nimekichonga mwenyewe ili kibebe matatizo yanayojirudia kwenye mifumo ya namna hii, kwa hiyo hakuna kampuni ya kuitafuta nyuma yake, na idadi za vifurushi ni za kukokotolea tu. Kanuni za DynamoDB zilizotumika kwenye hesabu ndizo zile zile zinazomtoza kila mtu.

Kanzidata ni DynamoDB ya Amazon, iliyofunguliwa kwa wateja Januari 2012. Timu ya kisa hiki ilitoka kwenye MySQL, kanzidata ya kawaida ya majedwali, na ilikuja na mazoea ya huko: jedwali moja, halafu faharasa, yaani orodha ya pembeni ya kutafutia rekodi haraka, juu ya kila safu ambayo skrini yoyote inaweza kuichujia. Kwenye MySQL mazoea hayo husameheka kwa muda mrefu. Faharasa isiyo na kazi inakula diski na kuchelewesha uandishi kidogo, na kanzidata yenyewe huamua itumie ipi ombi linapofika. DynamoDB haikuamulii. Wewe ndiye unayetaja jina la faharasa ndani ya ombi, na kila faharasa uliyoianzisha inaendelea kukutoza hata kama hakuna anayeisoma.

Jedwali liliitwa Vifurushi, ufunguo wake, yaani thamani ambayo rekodi hutafutwa kwayo, ukiwa namba ya kifurushi. Juu yake ziliwekwa faharasa tano: ya hali ya kifurushi, ya tarehe ya kupokelewa, ya kituo cha kushukia, ya simu ya mpokeaji na ya simu ya mtumaji. Zote zilinakili rekodi nzima, mpangilio unaoitwa ALL, kwa hoja kwamba huwezi kujua kesho skrini itataka nini. Hoja hiyo ina sauti ya busara, na ndiyo iliyogharimu kuliko zote.

Tuanze na hesabu ya kuandika, maana ndiko watu wasikotazama.

Rekodi ya kifurushi ina takriban KB 1.5: namba, majina, simu, maelezo ya mzigo, nauli, na historia fupi ya nani alikigusa na saa ngapi. DynamoDB hutoza kwa yuniti, kipimo chake cha malipo: yuniti moja ya kuandika kwa kila KB 1, na kipande kinachozidi huhesabiwa kama KB nzima, kwa hiyo kuandika rekodi hii mara moja ni yuniti 2. Maisha ya kifurushi yana maandishi matano: kimepokelewa, kimepakiwa, kiko njiani, kimefika, kimechukuliwa. Jedwali peke yake ni yuniti 10.

Sasa faharasa. Nne kati yake zina ufunguo usiobadilika, yaani tarehe, kituo na zile simu mbili. Hata hivyo zinaandikwa upya kila hali inapobadilika, kwa sababu hali nayo imenakiliwa ndani yake: yuniti 10 kwa kila moja, jumla 40. Faharasa ya hali imezidi hapo, kwa kuwa kinachobadilika ni ufunguo wenyewe. Ufunguo wa faharasa ukibadilika, DynamoDB hufuta rekodi ya zamani na kuandika mpya, na hutoza vyote viwili. Kifurushi kinapopokelewa ni yuniti 2, kisha mabadiliko manne ya yuniti 4 kila moja, jumla 18. Ukijumlisha 10, 40 na 18 unapata yuniti 68 kwa kifurushi kimoja, na 58 kati yake ni za faharasa.

Mtu angevumilia bei hiyo kama usomaji ungekuwa rahisi. Haukuwa. Skrini inayofunguliwa kuliko zote ni ya karani wa stendi: vifurushi vilivyofika hapa na ambavyo wenyewe hawajavichukua. Karani wa Dodoma akiifungua, programu iliuliza faharasa ya hali impe vyote vyenye “kimefika”, halafu ikaweka kichujio cha kituo kiwe Dodoma. Kichujio cha DynamoDB hufanya kazi baada ya rekodi kusomwa, na kilichosomwa kimeshatozwa. Tuseme nchi nzima kuna vifurushi 6,000 vinavyosubiri wenyewe. Hiyo ni takriban MB 9. Ombi moja hurudisha data isiyozidi MB 1, kwa hiyo programu inarudi dirishani kwa DynamoDB mara tisa, moja baada ya nyingine. Yuniti ya kusoma inabeba KB 4, na usomaji usiodai data ya papo hapo hulipiwa nusu. Jumla ni kama yuniti 1,125. Yote hayo ili karani aone vifurushi 300 vya kwake.

Mtu atauliza: si kulikuwa na faharasa ya kituo? Ilikuwepo, na ingekuwa mbaya zaidi. Ukiuliza kituo “Dodoma” na kuchuja hali “kimefika”, unasoma kila kifurushi kilichowahi kwenda Dodoma tangu mfumo uanze. Mwaka wa kwanza hutaona kitu. Mwaka wa tatu karani analipia historia ya miaka mitatu kila akibofya.

Kuna jambo la pili kuhusu faharasa ya hali, nalo halionekani kwenye bili, linaonekana kwenye foleni. Data hugawanywa kwenye partishoni, yaani vipande vya hifadhi, kwa kufuata ufunguo, na partishoni moja ina kikomo cha yuniti 3,000 za kusoma na 1,000 za kuandika kwa sekunde. Hali zipo tano tu. Alfajiri mabasi yanapopakiwa, kila kifurushi nchini kinapita kwenye thamani zile zile mbili tatu, na skrini tatu za makarani zikianza kusoma pamoja zinatosha kugusa kikomo cha kusoma. Kibaya ni kwamba faharasa ikizidiwa kwenye kuandika, DynamoDB hulizuia jedwali lenyewe, maana haiwezi kuiacha faharasa ibaki nyuma bila mwisho. Karani wa Mbezi anaambiwa kifurushi hakikuhifadhiwa, na hakuna ubaya wowote kwenye jedwali la Vifurushi. Anayetafuta chanzo kwenye vipimo vya jedwali pekee atakesha.

Inasaidia kukumbuka kwamba faharasa ya aina hii, ile ya jumla, kwa ndani ni jedwali jingine kamili lenye partishoni zake. Tarehe 20 Septemba 2015 DynamoDB iliyumba kwa saa kadhaa kwenye ukanda wa Amazon wa Virginia, na maelezo yaliyotolewa na Amazon wenyewe yalizitaja faharasa hizi. Wateja wenye majedwali makubwa walikuwa wameziongeza kwa kasi, idadi ya partishoni kwa kila jedwali ikapanda, na orodha ya partishoni ambayo seva za kuhifadhi huiomba kutoka huduma ya ndani ikawa nzito kuliko muda uliowekwa wa kuipata. Mtikisiko mdogo wa mtandao ulipozifanya seva nyingi ziombe orodha hizo kwa wakati mmoja, huduma ile ikalemewa. Hata kwa wenye mtambo, faharasa ilikuwa na uzito ambao haukuhesabiwa.

Njia ya kujinasua ilikuwa kuziacha safu za jedwali na kwenda kusikiliza maswali kaunta. Nani anauliza, ana kitu gani mkononi anapouliza, na anahitaji jibu la kiasi gani? Swali la kati ndilo lenye thamani, kwa sababu kitu alichonacho mkononi ndicho kitakachokuwa ufunguo.

Mwenye risiti ana namba, na namba ni ufunguo wa jedwali, huyo kamalizika. Asiye na risiti ni wa kila siku: “Mwanangu, risiti aliibakiza kijana wangu Dar, ila namba ya simu ni hii.” Karani anajibu, “Sawa mama, nitajie.” Basi faharasa ya simu ya mpokeaji inabaki, ikipangwa kwa muda wa kupokelewa ili kipya kije kwanza. Simu moja hutumika na nyumba nzima, lakini hilo halina tabu, kwani ufunguo wa faharasa ya jumla si lazima uwe wa kipekee.

Je, inakili nini? Hapa timu ilibishana. Skrini inataka hali, jina na maelezo, hivyo silika ilisema vinakiliwe. Lakini mama yule ana kifurushi kimoja, pengine viwili. Faharasa ikibeba funguo pekee, mpangilio wa KEYS_ONLY, inakupa namba za vifurushi, kisha unakwenda kuvisoma kwenye jedwali. Usomaji wa pili ni wa bei ndogo, na unaweza kudai data ya papo hapo, jambo ambalo faharasa ya jumla haitoi kabisa. Na kwa kuwa simu na muda wa kupokelewa havibadiliki, faharasa huandikwa mara moja tu katika maisha ya kifurushi. Yuniti 10 zikawa 1.

Mtumaji ana hoja nzito kidogo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetuma maboksi 40 kwa siku anataka kuyaona yote kwenye skrini moja. Kwa funguo pekee itabidi kuyasoma yote 40 kwenye jedwali, jambo linalowezekana kwa ombi moja la mkupuo kwa sababu mkupuo unapokea hadi rekodi 100, kwa yuniti 20 za kusoma. Kwa nakala kamili zingekuwa 7.5. Kwa hiyo KEYS_ONLY ni ghali zaidi kusoma. Lakini tazama upande wa pili: inaokoa yuniti 9 za kuandika kwa kila kifurushi, na kwenye bei za Virginia, kwa malipo ya kadiri unavyotumia, yuniti ya kuandika ni mara tano ya kusoma. Ingebidi mfanyabiashara huyo akitazame kila kifurushi zaidi ya mara mia moja na arobaini kabla nakala kamili haijarudisha gharama yake. Hakuna mwenye duka mwenye wasiwasi wa kiasi hicho. Funguo pekee.

Tukirudi kwa karani na rafu yake, hapa ndipo palipo na utamu wa kisa. Suluhisho la kwanza lililopendekezwa lilikuwa kuunganisha kituo na hali kuwa ufunguo mmoja, DODOMA#KIMEFIKA. Kwa kusoma ni sahihi kabisa: unapata vya Dodoma vilivyofika na hakuna cha kuchuja. Lakini hali bado imo ndani ya ufunguo, kwa hiyo kila badiliko linaendelea kufuta na kuandika. Hata ukinakili sehemu chache zisizofika KB 1, kifurushi kinatumia yuniti 1 ya kuanzia na 8 za mabadiliko manne, jumla 9. Tena faharasa inajaa DODOMA#KIMECHUKULIWA, lundo linalokua milele ambalo hakuna anayeliuliza.

Lililoshinda ni dogo kuliko hilo. Iliongezwa sifa moja, kituo_rafu, isiyokuwepo kwenye kifurushi mpaka kinapofika. Karani akikipokea kutoka kwenye basi, kituo_rafu kinapewa thamani DODOMA. Mwenyewe akikichukua, sifa hiyo inafutwa. Faharasa inajengwa juu ya kituo_rafu, ikipangwa kwa muda wa kufika. DynamoDB haiweki kwenye faharasa rekodi isiyo na sifa ya ufunguo, kwa hiyo faharasa hii ina vile tu vilivyopo rafuni sasa hivi. Kuingia yuniti 1, kutoka yuniti 1. Ukubwa wake unafuata idadi ya mizigo iliyopo stendi, na miaka ya historia haiuongezi.

Imenakiliwa nini humo? Jina la mpokeaji, simu na namba ya rafu, kwa mpangilio wa INCLUDE, kama baiti 300 kwa kila rekodi. Vifurushi 300 ni KB 90, sawa na yuniti 11.5 za kusoma na ombi moja, badala ya 1,125 na maombi tisa. Na kwa kuwa orodha nzima imeshafika kwenye skrini ya karani, ombi la muda mrefu la kutafuta kwa jina likajibika bila faharasa yoyote: programu inatafuta “Neema” ndani ya orodha iliyopo mbele yake. Timu ilikuwa karibu kununua huduma tofauti ya utafutaji kwa ajili ya hilo.

Tahadhari moja inaambatana na faharasa hii. Nakala huifikia faharasa baada ya jedwali, kwa kawaida ndani ya sehemu ya sekunde, lakini hakuna ahadi. Karani wa dirisha la kwanza anaweza kukabidhi mzigo na karani wa dirisha la pili bado akauona kwenye orodha. Kwa hiyo makabidhiano hayategemei orodha. Amri moja kwenye jedwali inabadilisha hali, inafuta kituo_rafu na kuweka sharti kwamba hali iwe bado “kimefika”. Karani wa pili akijaribu, amri yake inakataliwa. Faharasa ni ya kutafutia. Uamuzi ni wa jedwali.

Faharasa ya nne ni ya kondakta, na haikuwepo kabisa mwanzoni. Makondakta walikuwa wakitembea na karatasi. Ufunguo wake ni safari, yaani basi na tarehe, na ndani yake mpangilio unaanza na kituo cha kushukia. Basi likisimama Morogoro, kondakta anauliza safari yake, vinavyoanza na MOROGORO. Safari huandikwa kifurushi kinapopakiwa, yuniti 1. Basi likiharibika Gairo na mizigo ikahamishiwa jingine, ufunguo unabadilika na unalipa yuniti 2, bei ambayo hakuna atakayeilalamikia siku hiyo. Kulikuwa na wazo la kuifuta safari mzigo unaposhushwa ili orodha ibaki na vilivyomo ndani tu. Likakataliwa, na nadhani kwa haki: mzigo ukipotea, madai yanaanza na orodha ya vilivyopakiwa.

Jumla mpya: jedwali 10, mpokeaji 1, mtumaji 1, rafu 2, safari 1. Yuniti 15 mahali pa 68.

Aina nyingine ya faharasa, ile ya ndani, iliyokuja Aprili 2013 miezi michache kabla ya ya jumla, ilijadiliwa kwa ufupi. Inavutia kwa sababu inaweza kutoa data ya papo hapo. Lakini inatumia ufunguo ule ule wa partishoni wa jedwali, inahitaji jedwali lenye ufunguo wa sehemu mbili, inaundwa siku ya kuunda jedwali na haiondoki tena, na inafunga rekodi zote zenye ufunguo mmoja wa partishoni zisizidi GB 10. Jedwali lenye namba ya kifurushi peke yake halina hata pa kuiweka. Mjadala ukaisha.

Ikabaki faharasa ya tarehe, mali ya mhasibu. Ufunguo wake ni siku, maana yake maandishi yote ya leo yanakimbilia thamani moja. Mhasibu anataka mapato ya jana kwa kila kituo, na ya mwezi mwisho wa mwezi. Hahitaji rekodi moja moja wala hana haraka ya sekunde. Swali la namna hiyo halistahili faharasa; linastahili kuhamishwa. Tangu Novemba 2020 DynamoDB inaweza kutoa nakala ya jedwali zima kwenda S3, ghala la mafaili la Amazon, bila kugusa yuniti za kusoma za jedwali, na huko ripoti inakokotolewa usiku.

Kuhama kutoka mpangilio wa zamani kulihitaji subira kuliko ujuzi. Faharasa ya jumla inaongezwa kwenye jedwali linalofanya kazi, lakini moja kwa kila amri, na mpangilio wa kunakili haubadilishwi baadaye: faharasa za simu za ALL hazikuweza kupunguzwa kuwa za funguo pekee, ilibidi kuunda mpya kwa jina jingine, kuelekeza programu huko, kisha kufuta za zamani. Sifa ya kituo_rafu iliandikwa kwa programu ndogo, kwa vile vifurushi vilivyokuwa rafuni tu. Vilivyokwisha kuchukuliwa havikuguswa.

Kilichosumbua zaidi ni simu. Baadhi ya rekodi zilikuwa na 0754, nyingine +255754, na kundi la zamani zilihifadhiwa kama namba za hesabu, sifuri ya mbele imepotea. Faharasa inapojengwa juu ya data iliyopo, rekodi ambayo sifa yake si ya aina iliyotangazwa huachwa nje na ujenzi unaendelea hadi mwisho kama vile hakuna kilichopungua. Ikishakuwa hai, rekodi mpya yenye aina isiyo sahihi inakataliwa kuandikwa kwenye jedwali lenyewe. Kwa hiyo simu zote zilisawazishwa kwanza, maandishi yanayoanza na 255, ndipo faharasa zikajengwa.

Za zamani zilifutwa moja moja, kila moja baada ya kipimo chake cha kusomwa kwenye CloudWatch, huduma ya vipimo ya Amazon, kukaa sifuri. Ya tarehe iliachwa iwe ya mwisho, hata ilipoonyesha sifuri kwa wiki tatu mfululizo, mpaka mhasibu alipofunga mwezi.